Ukurasa wa Mia na Thelathini na Moja

Simu ndogo ya vitufe ililia ndani ya mkoba wakati Karani wa masjala yuko juu ya ngazi, amekumbatia mafaili ya mwaka juzi kwa mikono miwili. Akaiacha ilie. Wasomaji walikuwa wameshamzoea vibaya, na leo hakuwa na hamu nao.

Simu ile ilikuwa ya kitabu. Mchapaji aliyemtolea nakala mia tatu alikataa katakata kuwasha mashine mpaka apewe namba ya kuweka nyuma ya jalada. "Kitabu cha kujichapishia kisicho na namba ni duka lisilo na mlango," alimwambia. Basi Karani akanunua laini mpya, akatafuta simu ya bei poa, na mbele ya jalada akaweka jina la kubuni ambalo hata mama yake mzazi angelipita asigeuke. Akadhani amejificha. Mtu anayetaka kujificha haandiki kitabu, lakini hilo hakuna aliyemwambia.

Kitabu kiliitwa *Miaka ya Gauni Fupi*, hadithi ya msichana anavyokua kuanzia miaka tisa mpaka ishirini. Maoni yalikuja ya kila namna. Mwalimu mstaafu alimtumia orodha ya mikato iliyokosewa, kwa ujumbe wa vipande vitatu, akamalizia kwa kumtakia afya njema. Kijana mmoja alilalamika kwamba alikinunua kwa ajili ya jina, akasoma mpaka mwisho akingoja mambo, kumbe gauni limekuwa fupi kwa sababu mtoto amerefuka tu. Akataka kujua nani atamlipa muda wake. Mwanamume mwingine aliulizia kama msichana wa kitabuni yupo kweli na kama ameshaolewa. Karani alikuwa akisoma hayo nyuma ya makabati ya masjala, anacheka peke yake kama mwehu, na moyoni anajisikia mtu.

Aliposhuka ngazi akafungua ujumbe wa siku hiyo.

"Habari mwandishi. Sisi ni wanawake saba, tunashona sare za shule, mimi niko upande wa vifungo. Kitabu chako tunakisoma kazini, mmoja anasoma sita wanashona. Tulianza Jumatatu, kurasa 12 kwa siku, leo Jumatano tumefika ukurasa wa 36. Huyo dada mkubwa umemtoa wapi? Ni kama mimi vile. Mungu akubariki."

Namba iliyoandika hayo Karani aliikariri kuliko yake mwenyewe. Ilikuwa ya dada yake.

Alikaa chini, kwenye sakafu ya masjala, juu ya vumbi, na sketi yake nyeusi. Alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza: wameanza Jumatatu, kurasa kumi na mbili kwa siku, Jumamosi na Jumapili hawafanyi kazi. Akahesabu mara ya pili kwa kalamu, nyuma ya jalada la faili la serikali. Jibu lilikuwa lile lile. Ukurasa wa mia na thelathini na moja utasomwa Jumatatu ya wiki ya tatu.

Nikuambie kilichokuwa kwenye ukurasa huo, maana ndicho kisa chote. Miaka ishirini na sita nyuma, nyumbani kwao kulikuwa na tangi la maji ya mvua lililochimbwa chini, nyuma ya jiko, lenye mfuniko wa chuma. Kitinda mimba wa nyumba, mvulana wa miaka miwili na nusu waliyemwita Chiriku kwa maneno mengi, alitumbukia humo adhuhuri moja, akafa. Dada alikuwa na miaka kumi na mitano, na ndiye aliyeteka maji asubuhi. Baba alimuuliza mbele ya majirani kama alifunga mfuniko. Dada akasema, "Nadhani nilifunga." Hiyo "nadhani" ndiyo iliyommaliza. Halafu ukaonekana mkanda wake wa sare ya shule umelala pembeni mwa tangi, na hapo kesi ikaisha. Alitolewa shule mwezi ule ule. Mama yao aliishi miaka tisa zaidi, na katika miaka hiyo hakumruhusu tena kubeba mtoto wa mtu. Baadaye Dada mwenyewe hakutaka kubeba. Alipoulizwa kwa nini hazai, alisema mikono yake haina bahati.

Aliyefungua mfuniko adhuhuri ile alikuwa Karani, mwenye miaka kumi. Alichukua mkanda wa Dada, akafunga kopo, akawa anateka maji ya kupikia chakula cha mwanasesere. Rafiki akamwita barabarani. Akakimbia.

Hakusema siku ile kwa kuogopa fimbo. Siku zilizofuata hakusema kwa sababu hakusema siku ile. Wazazi walipokufa, Dada ndiye aliyemtunza na kumsomesha kwa sindano, na kila mwaka alioongeza kunyamaza ulikuwa unazidi kumziba mdomo. Mwishowe, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa linamla, akaliandika. Tangi akaligeuza kisima, Chiriku akamfanya mtoto wa kike, nyumba akaihamisha. Mkanda ndio uliomshinda. Alijaribu kuweka kamba, akajaribu utepe wa nywele, na kila mara ukurasa ulionekana wa uongo. Akaurudisha mkanda. Kwa wasomaji mia mbili na tisini na tisa ule ulikuwa mkanda tu.

Jioni hiyo hiyo Dada alimpigia kwenye simu yake ya kawaida.

"Mdogo wangu, tumepata kitabu! Mkata vitambaa kakinunua hapo dukani, kakimaliza, katuazima. Mama Pasi kasoma leo mpaka sauti ikamkauka."

"Kitabu gani?" Karani aliuliza, na akashangaa alivyoisikia sauti yake ikiwa safi.

"Cha msichana mmoja na dada yake. Aliyekiandika ni mwanamke, mwanamume hawezi kujua mambo yale. Nimemtumia ujumbe! Hajajibu, labda ana mambo mengi."

"Labda."

"Ungekuja siku moja usikie. Tumemfunika jalada kwa gazeti asichafuke mafuta ya cherehani, tunamlea kama mtoto." Akacheka kwa kicheko chake cha kukohoa.

Utaratibu wao ulikuwa huu, na Dada alimweleza kwa fahari. Karakana ina meza ndefu ya kumalizia: vifungo, pindo, na pasi mwisho wa meza. Mwenye zamu ya kusoma anaweka sindano chini, na mashati yake yanagawanywa kwa wenzake ili msimamizi asione pengo. Msimamizi naye siku ya pili akavuta kiti. Sheria akaiweka yeye: kitabu kinalala kwenye droo ya meza yake, marufuku mtu kutangulia mbele. Wote wajue pamoja au wasijue.

Kuanzia hapo Karani hakulala usingizi wa maana wala kula kwa hamu. Kila jioni Dada alimletea habari za kitabu chake mwenyewe, na kila jioni ukurasa ulikuwa umesogea. Arobaini na nane. Sitini. Sabini na mbili. Kazini alipeleka faili la ardhi kwa watu wa pensheni, bosi akamuuliza kama ana homa.

"Leo tumegombana," Dada alisema Jumanne ya wiki ya pili. "Mama Pasi anasema yule mtoto mdogo ana jambo kalificha, macho yake si bure. Nikamwambia muache mtoto wa watu, mtoto ni mtoto. Mimi namtetea, bwana."

"Kwa nini unamtetea?"

"Ananikumbusha wewe. Ulikuwa hivyo hivyo, kimya kimya, unakaa pembeni unachezea kopo lako."

Karani alikata simu, halafu akatuma ujumbe kwamba chaji imeisha. Alikaa kitandani akifikiria kila njia. Kwenda kuiba kitabu? Droo ina ufunguo. Kusema ukweli kabla ukurasa haujafika? Hiyo ndiyo ilikuwa njia iliyonyooka, naye aliiona vizuri kabisa. Mara mbili alivaa viatu ili aende. Mara mbili akavivua. Mtu huyo hakuwa mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga anaweza kukufanyia mambo ambayo mbaya hayafanyi.

Alhamisi wakafika mia na nane. Ijumaa asubuhi, nyuma ya makabati, Karani aliishika ile simu ndogo na kuandika jambo ambalo mtoto wa miaka kumi angelionea aibu:

"Mpendwa msomaji, asante kwa maoni. Naomba radhi, kurasa za 129 hadi 134 zina makosa makubwa ya mchapaji, zimechanganywa na kitabu kingine. Mkifika hapo rukeni tu, hampotezi kitu. Mwandishi."

Akatuma. Akasubiri. Dada, ambaye hujibu hata ujumbe wa kampuni ya simu, hakujibu.

Jioni hakupiga. Jumamosi hakupiga. Karani alipiga mwenyewe saa nne asubuhi, simu ikaita mpaka ikachoka. Jumapili alipika, akamwaga, akaenda mpaka kona ya mtaa wa Dada na kuona dirisha limefunguliwa na pazia linapepea. Mtu yupo ndani. Alisimama pale kwa muda wa kutosha muuza maji amuulize kama amepotea. Akarudi kwake. Alijiambia labda Dada anaumwa, labda simu imeharibika, labda amekasirika kwa jambo lingine kabisa. Hofu humfanya mtu awe wakili wake mwenyewe, tena wakili wa bure asiyejua sheria.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino. Mpango wake ulikuwa mmoja: aingie karakana kabla ya saa ya kusoma, akisifie kitabu, aombe kukiazima kwa siku mbili, aondoke nacho. Baada ya hapo kingepotea. Vitabu hupotea.

Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Cherehani zilikuwa zinanguruma upande mmoja. Upande wa pili, chini ya madirisha, wanawake saba walikuwa wamezunguka meza yao na mashati meupe yamerundikana katikati. Mama Pasi, mwanamke mpana mwenye kovu la moto kwenye kiwiko, ndiye aliyemwona kwanza.

"Bi Vifungo, mdogo wako huyo! Karani! Njoo, umekuja siku nzuri."

Dada aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu kidogo, lakini kazi ile inachosha macho. Akasogeza mkoba wake kutoka kwenye stuli ya pembeni.

"Karibu. Kaa."

"Dada, simu yako..."

"Nilikuwa napumzika. Kaa, mdogo wangu."

Karani akakaa. Kabla hajapata njia ya kuanza maneno yake ya kuazima, msimamizi alishafungua droo na kutoa kitabu, kimevikwa gazeti. "Zamu ya nani?"

"Yangu," alisema Dada. "Lakini macho yananisumbua leo. Huyu hapa ndiye msomi wa nyumba, acheni atusomee yeye."

Meza nzima ikashangilia. Kitabu kikawekwa mapajani mwa Karani. Aliangalia mlango, ulikuwa mbali, na kati yake na mlango kulikuwa na wanawake saba wenye hamu. Akafungua ukurasa wa mia na ishirini na moja.

Alisoma vizuri mwanzoni. Sauti ilikuwa inatetemeka, wao wakadhani ni uhodari wa kusoma. Mia na ishirini na tano. Mia na ishirini na saba, msichana anaamka siku ya joto. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, sindano inaingia na kutoka kwenye kifungo. Karani akafika mia na thelathini na moja, akaona maneno yake yamesimama pale kwa wino. Akainua macho kidogo juu ya karatasi na kuanza kusoma kitu ambacho hakikuwepo.

"Dada mkubwa alimaliza kuteka maji," alisema, "akasikia anaitwa. Akaondoka haraka bila kurudisha mfuniko. Hata mkanda wake aliuvua kwa joto, akausahau pale pale kisimani."

Alivyoendelea ndivyo uongo ulivyozidi kutiririka. Mara ya kwanza alimwachia dada yake lawama akiwa na miaka kumi na hofu ya fimbo. Safari hii alikuwa na miaka thelathini na sita, mbele ya mashahidi, na dada mwenyewe kakaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake.

"Mjinga yule!" Mama Pasi alipiga pasi mezani. "Msichana mzima, anaacha kisima wazi na mtoto nyumbani?"

"Mimi toka mwanzo sikumwamini," akadakia mwingine. "Amejaa kujifanya mama wa nyumba. Kamuua mtoto wa watu."

"Angekuwa wangu, ningemfukuza."

Dada alikata uzi kwa meno. "Rudia hapo," alisema.

"Wapi?" Karani aliuliza.

"Hapo kwenye kisima. Rudia, mdogo wangu, safari hii usome kilichoandikwa."

"Kwani hakijaandikwa hivyo?" aliuliza msimamizi.

"Hakijaandikwa hivyo. Ijumaa droo haikufungwa, nikaenda nacho nyumbani, nikakirudisha leo asubuhi."

Kukawa na zogo. Kutangulia mbele! Bi Vifungo, mtu mzima, mtu wa kuaminiwa! Msimamizi alisimama na mikono kiunoni. Dada aliwaacha waseme mpaka wakaisha.

"Nimekosa," alisema. "Mwandishi aliniandikia turuke kurasa. Mtu akikwambia usiangalie nyuma ya mlango, si ndiyo utaangalia? Haya. Msomaji, tunakusubiri."

Karani alirudia. Safari hii hakuinua macho, maana hakuwa na mahali pa kuyaweka. Alisoma msichana mdogo alivyochukua mkanda wa dada yake msumarini. Alisoma kopo, mwanasesere, rafiki anayeita kutoka barabarani. Alisoma watu wazima wamesimama uani, dada anaulizwa, na mdogo mtu yuko nyuma ya sketi ya shangazi anajua jibu. Alipofika "akanyamaza," sauti ilikatika, ikabidi alisome neno hilo mara mbili.

Hakuna aliyeshona. Mama Pasi alikuwa anafuta macho kwa kola ya shati la mtoto wa shule asiyemjua.

"Nilisema," alinong'ona. "Nilisema yule mtoto ana jambo."

"Miaka kumi! Mtoto wa miaka kumi ana akili gani?"

"Akiwa na kumi, sawa. Na alipofika ishirini? Hapo bado ni mtoto?"

"Na huyo dada, maskini. Hivi alikuja kujua?"

"Tutajua kesho," alisema msimamizi, naye sauti yake haikuwa ya usimamizi. Kengele ya chai ikalia. Wakatoka mmoja mmoja kuelekea ngazini, bado wanabishana kama mtoto asamehewe au la, kama majaji wanaokwenda mapumziko.

Wakabaki wawili. Cherehani zote zilikuwa zimezimwa.

"Ule mkanda," alisema Dada, akitazama shati mkononi mwake. "Miaka ishirini na sita nimeutafutia njia ya kufika pale. Nimeitafuta mpaka nikaipata. Najiona kabisa nauvua, nauweka kwenye saruji. Naona mpaka kivuli changu. Jambo ambalo halikutokea, mdogo wangu, nalikumbuka."

"Dada, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Umewaambia watu mia tatu. Muuza duka anajua. Mkata vitambaa kakimaliza kabla yetu, anajua. Mimi nimekuwa wa ngapi?"

"Hawajui ni sisi."

"Mimi najua."

Karani akaanza kulia, kwa sauti, bila kujizuia. "Niliogopa nitakukosa. Sina mtu mwingine."

Dada hakumgusa, wala hakumkemea. Alinyoosha mkono, akachukua kitabu kutoka mapajani mwake, akafungua ukurasa wa mwisho, akakisogeza mbali na macho kama anavyofanya akitunga uzi. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo ukutani:

"'Dada mkubwa alimshika mkono, akatabasamu. Yaliyopita si ndwele, mdogo wangu, alimwambia. Nilikusamehe siku nyingi.'"

Akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Haya maneno umesema ni yangu," alisema. "Nani alikuambia?"

Ngazini zilisikika sauti za wenzake Dada wakirudi na vikombe, mmoja anacheka, na Dada alikuwa bado ameweka kidole pale pale, anangoja ajibiwe.